Elimu Haijivushi

Jumamosi asubuhi mwalimu mmoja wa Ruaruke hupanda bodaboda kwenda Kibiti mjini. Ana orodha ya vitu vya kununua: sabuni, mafuta ya kula, dawa ya mbu, chaki za rangi. Mkobani amebeba kishikwambi, kimoja kati ya vile vilivyotumika kwenye Sensa ya Agosti 2022, ambavyo baadaye Serikali iliwagawia walimu. Akishamaliza sokoni huketi kwenye kibanda cha chai kando ya barabara kuu iendayo Lindi na Mtwara, akanunua bando, akaanza kupakua. Chai inapoa, mabasi yanapita, naye macho yako kwenye kile kimstari kinachosogea polepole. Faili la kwanza, la pili, la tatu. Alasiri anarudi, na ndani ya mkoba, pamoja na sabuni na chaki, mna somo la Jumatatu.

Siku moja nilikaa naye pale kibandani. Nikamwuliza kwa nini asipakue hukohuko nyumbani, akaokoa nauli. Akanijibu bila kuinua macho: "Kwangu mtandao unajaa na kupwa, ndugu yangu. Nikingoja bamvua, watoto watamaliza darasa la saba."

Jibu hilo sijaliacha mpaka leo. Mtu wa delta ya Rufiji hahitaji kufundishwa kwamba vitu havijivushi. Mto ukikaribia bahari hugawanyika mikono mingi, mikoko inafunga njia, na maji ndiyo yanayoamua saa ya safari. Chumvi, kiroba cha unga, mgonjwa, bibi harusi anayepelekwa kwa mumewe, wote na vyote hupanda chombo, na chombo kina mtu aliyeshika kasia au pondo. Kitu kinaweza kuwa bure kabisa ng'ambo, nawe ukaendelea kukikosa kwa sababu tu hakuna wa kukuvushia.

Hivyo ndivyo ninavyoitazama elimu iliyojaa mtandaoni siku hizi. Tunaisifu kwamba ni ya bure. Ni kweli, na ni neema. Lakini kuwa bure si kufika. Kati ya maktaba iliyoko mtandaoni na mtoto aliyekaa kwenye dawati la Ruaruke kuna mto, na mto huo unavukwa kwa mkono wa mtu: kwa muda wake, kwa vocha yake, kwa uaminifu wake.

Shehena yenyewe ni kubwa. Taasisi ya Elimu Tanzania, inayotayarisha mitaala na vitabu vya kiada, ina Maktaba Mtandao ambamo vitabu vya shule za msingi na sekondari vinasomwa bila malipo. Thamani ya jambo hilo wanaielewa zaidi walioyaona masika ya 2024. Aprili ile mafuriko ya Rufiji yaliingia majumbani, mashambani na madarasani katika wilaya za Rufiji na Kibiti. Daftari lililolowa halisomeki tena. Wino unakimbia, kurasa zinagandana. Kitabu kilichohifadhiwa katika maktaba ile hakilowi. Wanafunzi wa sekondari wana Shule Direct, iliyoanzishwa 2013, yenye maelezo ya masomo yao na maswali ya kujipima. Watoto wadogo wana hadithi za African Storybook, mradi uliozaliwa Afrika Kusini, zilizoandikwa kwa Kiswahili na kwa lugha nyingine nyingi za Afrika. Hadithi hizo zimetolewa kwa idhini ya wazi: unazipakua, unazichapa, hata kuzitafsiri, bila kuomba ruhusa.

Ila kilichonigusa kuliko vyote ni kile ambacho wengi wetu tunapita mlangoni pake bila kugeuka. Kila yanapotangazwa matokeo ya mtihani wa taifa, watu hukimbilia tovuti ya Baraza la Mitihani. Wazazi, wajomba, majirani, kila mwenye simu anatafuta namba ya mtoto. Tukishaliona daraja tunafunga. Wako wanaopiga vigelegele na wako wanaojifungia chumbani, na haturudi tena mpaka mwakani. Kumbe kwenye tovuti hiyohiyo Baraza huweka taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, somo kwa somo. Swali moja moja linachambuliwa: wangapi walilipata, wangapi walilikosa, na walipotelea wapi. Tena huwekwa vielelezo: kipande cha karatasi ya mtahiniwa aliyejibu vizuri, na kipande cha aliyekosea, kwa mwandiko wake mwenyewe. Jina lake halipo. Lipo kosa, limewekwa wazi ili wengine wajifunze.

Mwalimu wangu huyu alikuwa amepakua taarifa ya Hisabati. Jumatatu akaandika ubaoni nusu kujumlisha theluthi, akawaacha watoto wafanye. Akapita katikati ya madawati akitazama madaftari. Aliporudi ubaoni aliandika jibu la 2/5, kosa ambalo kila mwalimu wa Hisabati analifahamu: mtoto anajumlisha cha juu na cha juu, cha chini na cha chini. Hakusema ni la nani. Akauliza: "Mama yako ana nusu debe la mpunga. Shangazi akamwongezea theluthi ya debe. Mwenye jibu hili anasema sasa mama ana sehemu mbili za tano. Nusu na sehemu mbili za tano, ipi kubwa?" Darasa likanyamaza. Wakachora mistari, wakagawanya, wakahesabu vidole. Kisha binti mmoja wa dawati la nyuma akasema, kama anayejisemea mwenyewe: "Mbona kaongezewa, halafu imepungua?"

Hapo somo likawa limevuka. Binti yule hakushika kishikwambi wala hakukiona. Kilikuwa mkobani, kimezimwa ili betri isiishe. Alichokipata ni swali zuri kutoka kwa mtu aliyekwenda kulitafuta.

Ndani ya tukio hilo naliona jambo ambalo wazee wetu wa pwani walilithamini sana: sitara. Kosa la mtoto limechukuliwa, likasafishwa jina, likawa mwanga kwa wenzake, na mwenye kosa akasitirika. Ni adabu ya hali ya juu kufundishana bila kuaibishana. Laiti tungeibeba adabu hiyo mpaka majumbani, ambako mtoto aliyepata alama ndogo hutajwa mbele ya wageni.

Nchi hii imewahi kuvusha elimu kwa namna hii, na ilifanya hivyo wakati chombo chenyewe kilikuwa redio. Mwaka 1973 ilifanyika kampeni ya Mtu ni Afya. Redio zilikuwa chache, na wasiojua kusoma walikuwa wengi. Basi watu walikusanyika kwa vikundi chini ya mwembe au barazani, wakasikiliza kipindi pamoja. Kila kikundi kilikuwa na kiongozi aliyepewa mafunzo na kijitabu cha kuwasomea wenzake. Baada ya kipindi walizungumza, kisha wakaamua la kufanya: kuchimba vyoo, kufyeka nyasi, kufukia madimbwi ya mbu. Karibu watu milioni 2 walishiriki. Redio ilikuwa moja, lakini masikio yalikuwa ya wote, na maneno ya Dar es Salaam yalipata wa kuyapokea kijijini na kuyageuza kuwa kazi.

Mfano wa pili ni wa juzi. Kati ya 2017 na 2019 yalifanyika mkoani Tanga mashindano ya kimataifa ya XPRIZE. Karibu watoto 3,000 wa vijiji vya mbali walipewa vishikwambi vyenye programu za Kiswahili za kujifunza kusoma, kuandika na kuhesabu. Wengi wao hawakuwa wamewahi kukanyaga shule. Wapo waliojifunza kusoma, na mashindano yakatoa washindi wawili. Lakini hata pale, ambapo lengo lilikuwa mtoto ajifunze mwenyewe, palihitajika wanavijiji wa kuaminika kuangalia vituo vya umeme wa jua ambako vishikwambi vilichajiwa. Mtu hakukosekana hata mahali ambapo mitambo ilikuwa mingi.

Ndiyo maana nawaomba wazazi wasiikabidhi kazi hii kwa walimu peke yao. Najua simu janja ya nyumbani mara nyingi ni moja, ni ya baba, na huondoka naye alfajiri. Najua pia kwamba hofu ya wazazi juu ya simu si ya bure. Mle ndani mna mengi ya kumharibu mtoto, na bando la kujifunzia huishia kwenye vichekesho. Lakini dawa ya hofu hiyo ni kukaa pamoja. Nusu saa baada ya chakula cha usiku, simu iwekwe katikati ya mkeka, ambapo kila mtu anaiona. Kipindi cha Ubongo Kids, kilichoanza kurushwa 2014, kimetengenezwa Dar es Salaam, kwa Kiswahili, kwa nyimbo zinazobaki kichwani. Bibi asiyejua kusoma anaweza kukitazama na mjukuu wake na kumwuliza, "Hapo wamesemaje?" Mtoto akimweleza bibi, amejifunza mara ya pili.

Wapo pia vijana wetu walioko Mbagala na kwingineko Dar es Salaam, ambako mtandao una nguvu. Memori kadi moja inabeba mamia ya hadithi na taarifa za mitihani ya miaka mingi. Ikiwekwa ndani ya bahasha na kukabidhiwa kwa kondakta wa basi la Kibiti, inafika siku hiyohiyo. Kijana anayemtumia mama yake hela ya sukari kwa simu anaweza kuitumia shule yake ya zamani bahasha kama hiyo mara moja kwa muhula. Sioni zawadi nyepesi kuibeba kuliko hiyo, wala sioni itakayodumu zaidi yake.

Mvushaji hutakiwa pia kuijua shehena yake. Msimu wa mitihani ukikaribia, huzunguka kwenye simu watu wanaodai kuuza maswali yaliyovuja. Mzazi aliyeuza kuku wake wawili anatuma hela, na mara nyingi alichonunua ni uongo mtupu. Na hata kingekuwa kweli, angekuwa amemnunulia mwanawe nini? Mitihani ya miaka iliyopita iko wazi, ni halali, na mtoto akiifanya kwa jasho lake anaondoka na akili iliyonolewa. Maswali ya wizi humfundisha somo moja tu, kwamba baba na mama hawaamini kuwa anaweza. Chombo kikipakia kilichooza, abiria wote huugua.

Limebaki moja, nalo ndilo ninalolitamani zaidi. Aliyevuka kwenda mjini na dagaa hurudi na unga, na aliyepeleka nazi hurudi na nguo. Basi kwa nini kwenye elimu tuwe wapokeaji tu? Watu wa delta wana maarifa ambayo mtandao unayahitaji. Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanza 2003, inaandikwa na watu wanaojitolea, na yeyote anaweza kuchangia. Nani ataandika vizuri kuhusu mikoko ya Rufiji kuliko mtu aliyezaliwa kivulini mwake?

Nilimweleza mwalimu wazo hilo, naye akalipeleka darasani. Akawapa watoto kazi ya nyumbani: kila mmoja amwulize mzee wake majina ya miti ya mikoko, na kila mti una kazi gani. Siku ya pili madaftari yakarudi yamejaa. Mkoko, mkandaa, muia, mchu, mkomafi, msikundazi. Mmoja aliandika mti unaofaa boriti, mwingine mti wa kuundia chombo, mwingine gome ambalo bibi yake alikuwa akilichemsha. Mahali majibu yalipopingana, mwalimu aliwarudisha kwa wazee wakaulize tena, kwa sababu kisichohakikishwa hakiandikwi. Yule binti wa dawati la nyuma alikuwa na majina mawili zaidi ambayo mwalimu mwenyewe hakuwahi kuyasikia. Alikuwa ameyapata kwa babu yake, mvuvi.

Jioni mwalimu akawasha kishikwambi, akaanza kuyachapa moja baada ya jingine, pamoja na maelezo yake. Mtandao ulikuwa umekupwa. Akalihifadhi faili, akakizima, akakitia mkobani tayari kwa Jumamosi.