Stempu Yenye Kasoro na Stempu ya Uongo

Mwaka 1942, vita vikiwa vimepamba moto Ulaya, maofisa wa forodha wa Ufaransa walikamata barua iliyokuwa ikielekea Lisbon. Ndani yake mlikuwa na stempu 18 za kale. Wataalamu walioitwa kuzikagua walisema ni halisi na ni za bei kubwa, na aliyezituma, Jean de Sperati wa Aix-les-Bains, akashtakiwa kwa kutoa mali ya thamani nje ya nchi bila kibali. Sperati akajitetea kwa kukiri jambo baya zaidi: stempu zote zile alizitengeneza kwa mikono yake.

Ufundi wake ulikuwa wa kutisha. Alichukua stempu ya zamani ya bei ndogo, akaifuta picha kwa kemikali, kisha akachapa picha ya stempu adimu juu ya karatasi ileile. Karatasi ilikuwa ya kweli, alama ya maji iliyomo ndani yake ya kweli, meno ya pembeni ya kweli, na mara nyingine hata mhuri wa posta ulikuwa wa kweli. Uongo ulikuwa kwenye picha peke yake. Mwaka 1954 chama cha British Philatelic Association kilinunua akiba yake ya kazi hizo ili zisiendelee kumwagika sokoni.

Sasa ichukuliwe kazi moja ya Sperati, safi isiyo na doa, iwekwe kando ya stempu halisi iliyochanika kona, iliyokunjwa katikati na kupauka rangi. Jicho litaichagua ya Sperati bila kusita. Akili itakataa, nayo italazimika kueleza sababu. Hapo ndipo swali linapozaliwa: thamani ya kitu inakaa katika sura yake, au katika yale yaliyokipata tangu kilipotengenezwa?

Soko lina jibu lake la haraka, nalo ni hali ya stempu. Penny Black ya Uingereza, stempu ya kwanza ya posta duniani iliyoanza kutumika Mei 1840, haikuwa na meno. Karani wa posta alizikata kwa mkasi. Zilichapishwa takriban milioni 68, na nyingi zingalipo. Iliyobakiwa na ukingo pande zote nne huuzwa ghali, na ile ambayo mkasi umeingia ndani ya picha huuzwa kwa sehemu ndogo tu ya bei hiyo. Mambo ni yaleyale kwa stempu ya Marekani ya mwaka 1918 yenye picha ya eropleni iliyochapwa kichwa chini. Karatasi moja tu ya stempu 100 ndiyo iliyotoka hivyo, na mwaka 2023 mojawapo ilinunuliwa kwa takriban dola milioni 2. Ilikuwa imefichwa mbali na mwanga kwa miongo mingi, ikabaki na rangi yake.

Lakini soko hilohilo hujipinga. Mwaka 1856 meli iliyotarajiwa kuleta stempu kutoka London ilichelewa kufika Guyana, wakati huo koloni la Uingereza. Mkuu wa posta akaagiza wachapaji wa gazeti mjini Georgetown watoe stempu za muda, na kwa kuogopa waghushi akaamuru makarani waweke herufi za majina yao juu ya kila moja. Ya senti moja imebaki nakala moja tu inayojulikana. Pembe zake nne zimekatwa, rangi yake nyekundu ya zambarau imefifia, na juu yake pana herufi za karani, E.D.W., pamoja na mhuri mzito wa posta. Mvulana wa miaka 12 aliyeikuta mwaka 1873 aliiuza kwa shilingi chache. Mwaka 2014 ilifika dola milioni 9.48 mnadani. Baadhi ya wamiliki wake wameiandika mgongoni: Philipp von Ferrary aliigonga alama yake ndogo, na Stuart Weitzman, mbunifu wa viatu, akachora kiatu cha kisigino kirefu.

Kama kasoro ingekuwa ni upungufu wa thamani na basi, karatasi hiyo isingefaa hata kupewa mtoto achezee. Stempu yenye ndugu milioni hulinganishwa nao, na kila mkwaruzo huishusha. Isiyo na ndugu hailinganishwi na kitu, hivyo huulizwa swali moja tu: ni yenyewe kweli?

Kulijibu swali hilo ni kazi ya mikono yenye subira. Mtaalamu huhesabu meno katika kila sentimita mbili. Huilaza stempu kifudifudi katika trei nyeusi na kuidondoshea benzini ili alama ya maji ijitokeze, na benzini hiyohiyo hufichua mikunjo na sehemu zilizochunika. Chini ya taa ya urujuanimno, karatasi iliyopachikwa kuziba tundu mara nyingi hung'aa tofauti na ile ya asili. Afrika Mashariki ina mtego wake unaojulikana. Stempu za Kenya na Uganda za miaka ya 1920, zenye sura ya Mfalme George wa Tano na thamani iliyofika hadi pauni 100, zilitumika zaidi kulipia ushuru wa nyaraka, zikafutwa kwa wino wa kalamu. Wapo waliozisafisha wino huo na kuzigonga mihuri bandia ya posta, kwa sababu iliyopita posta huuzwa ghali zaidi.

Aliyefanya hivyo hakurarua kitu. Aliondoa uchafu tu, na machoni pa mnunuzi stempu ikapendeza. Hata hivyo alitenda kosa kubwa kuliko la mtoto aliyeichana akiibandua kwenye bahasha, maana aliubadilisha ushahidi wa stempu hiyo.

Sheria ya Kiislamu ya biashara, inayofundishwa katika madrasa za pwani, imelishika jambo hili vizuri. Fiqhi inampa mnunuzi khiyari ya aibu, yaani haki ya kurudisha bidhaa akigundua ila ambayo hakuambiwa. Katika hadithi iliyopokewa na Imam Muslim, Mtume Muhammad (S.A.W.) alitia mkono katika lundo la chakula sokoni, akakuta ndani kumelowa. Mwenye mali alieleza kwamba ni mvua. Mtume hakumlaumu kwa mvua. Alimuuliza kwa nini hakukiweka juu kile kilicholowa, watu wakione.

Mafundisho hayo hayamkatazi mtu kuuza kilicholowa. Kilichochanika nacho kina mnunuzi wake. Kinachokatazwa ni kupanga lundo kwa namna ya kumnyima mwenzako nafasi ya kujua.

Mwanafalsafa Mjerumani Walter Benjamin, katika kitabu alichokitoa mwaka 1928, alielekea kuwaona wakusanyaji wanaopenda stempu zilizogongwa mhuri tu kuwa ndio walioifahamu siri ya stempu. Hoja hiyo ina uzito. Mhuri wa posta ni jeraha la makusudi, lakini ndio unaoeleza kwamba stempu ilifanya kazi iliyoumbiwa, siku fulani, mahali fulani. Stempu za India zilizochapwa neno Zanzibar mwaka 1895, baadhi zikitoka kimakosa na maandishi “Zanzidar”, hueleza mengi zaidi zikibaki juu ya bahasha yenye anwani na mihuri kuliko zikiwa zimebanduliwa na kuoshwa.

Je, ni haramu basi kukarabati? Hapana. Karatasi inayomeng'enyuka yaweza kuimarishwa, kama vile miswada ya kale inavyohifadhiwa, mradi ukarabati utajwe. Vyeti vya wataalamu hufanya hivyo: husema stempu ni halisi, kisha huongeza kwamba kona imepachikwa au gundi si ya asili. Maneno hayo humpunguzia muuzaji fedha. Anayerithi albamu ya babu yake na kukuta humo stempu ya pauni yenye wino wa wakili ana njia ya uaminifu: auache wino huo ulivyo, aiuze kwa wakusanyaji wa stempu za ushuru, na bei aipange kwa kile stempu ilichokuwa.