Mwana Kabla ya Kupanda Ndege

Somo la juma: Warumi 8:14–25

Septemba 2013, idara ya uhamiaji ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilisimamisha vibali vya kutoka nchini kwa watoto walioasiliwa na wageni. Serikali ilikuwa na hofu zake, wala hazikuwa za bure: nyaraka za kughushi, na watoto kufika ng'ambo kisha kupitishwa mikononi mwa watu wasiojulikana. Lakini agizo hilo liliwakuta njiani mamia ya watoto ambao mahakama ilikwisha kuwakabidhi kwa wazazi wao wapya wa Marekani, Ufaransa, Italia na kwingineko. Hukumu imetoka, jina la ukoo limebadilika, kitanda kimetandikwa. Mtoto mwenyewe yuko Kinshasa.

Mtoto huyo alikuwa wa nani? Kisheria ni mwana kamili. Ungemwambia mama yake kwamba si wake, mngegombana. Hata hivyo, nyumbani hakuwa. Wapo wazazi waliohamia Kinshasa wakaishi huko na watoto wao, wakikataa kuondoka peke yao. Mei 2014 watoto 31 walitua Roma, katika uwanja wa Ciampino, kwa ndege ya serikali ya Italia, wakisindikizwa na waziri Maria Elena Boschi. Wenzao wengi waliendelea kungoja, wengine hadi 2016.

Mtume Paulo anaizungumzia hali ya namna hiyo katika somo letu. Aya ya 15 anasema tumekwisha kupokea Roho anayetufanya wana, hata tunathubutu kumwita Mungu Baba. Aya ya 23 anasema bado tunangoja kufanywa wana, tena tunangoja tukiugua. Msomaji wa haraka atadhani Paulo amejisahau. Waulize wale wazazi wa Kinshasa. Wao wangemwelewa mara moja.

Hata waliosomewa barua hiyo walimwelewa. Iliandikwa karibu mwaka 57, Nero akiwa Kaisari. Nero hakuzaliwa na Klaudio aliyemtangulia. Klaudio alimwasili mwaka 50, ingawa alikuwa na mwanawe wa kumzaa, na aliyerithi kiti ni Nero. Kwa hiyo hakuna Mkristo wa Roma aliyehitaji kuelezwa kwamba mtoto wa kuasiliwa ana haki zote za mwana. Jipya kwao lilikuwa kwamba Mungu anawapa haki hiyo watumwa, wajane na watu wasio na ukoo wa kutajika, ambao hawana la kumwongezea.

Sasa mfikirie mtoto wa miaka minne siku kibali kinapopatikana. Baba amekumbatia bahasha ya nyaraka kama anayeogopa itapeperuka. Mama amejifunza maneno machache ya Kilingala: njoo, kula, lala. Mlango wa ndege unafungwa, mkanda unamkaza kiunoni, mtoto anaanza kupiga mayowe. Anamwita mlezi wa kituoni, yule aliyezoea kumbeba mgongoni. Ndege inaposhuka, masikio yanamuuma na hajui kwa nini. Abiria wa kiti cha nyuma anaguna. Huenda anawaza: si anapelekwa kwenye maisha mazuri, analilia nini?

Analilia mengi. Analilia lugha, harufu ya chakula, na wenzake waliolala naye mkeka mmoja. Pengine analilia ndugu wa damu ambao hajui kama atawaona tena. Mzazi mwenye hekima haoni kilio hicho kama tusi. Anampakata, anamwacha alie, na wala hawazi kumrudisha.

Hapo ndipo Paulo anapotufariji. Kuugua kwetu hakufuti uwana wetu. Aliyefiwa akashindwa kuimba kwaya, mgonjwa aliyeomba miaka na hajapona, mkimbizi anayeota kijiji chake kila usiku: hao hawajapungukiwa na imani. Ni wana walio safarini, na Baba hajaudhika kwa machozi yao.

Tuliseme pia kwa nyumba zetu, maana wengi wetu tunalea. Mtoto wa marehemu dada ameletwa mjini kwa basi, amepewa sare na viatu, na mwezi wa pili amenuna, anakojoa kitandani, hataki kula. Usikimbilie kusema, "Mtoto huyu hana shukrani." Muulize bibi yake kule kijijini alikuwa akimpikia nini. Weka picha ya mama yake mahali anapoweza kuiona. Musa alilelewa na binti Farao, na aliyemnyonyesha ni mama yake mzazi. Tunda la malezi yale mawili liliwatoa Israeli utumwani. Upendo wako hautapungua mtoto akiruhusiwa kuwakumbuka waliompenda kabla yako.

Juma hili, katika kila nyumba yenye mtoto aliyeletwa, mwenye nyumba atenge jioni moja amsikilize mtoto huyo akisimulia alikotoka, bila kumkatiza wala kumsahihisha.

Tuombe: Baba, umetupa jina lako kabla hatujafika kwako. Wavumilie wanaolia njiani. Wape walezi wetu mioyo isiyodai shukrani. Utufikishe sote, kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.