Maziwa ya Yatima Atalipa Nani?



Mkulima mmoja wa hapa Dumila alinijia baada ya sala ya Alfajiri. Kondoo wa jirani yake mfugaji alizalia pembezoni mwa shamba lake, akafa, akaacha mwana. Na kondoo hao hao walikwisha kumlia mahindi. Akaniuliza: "Maalim, nimnyweshe? Na maziwa haya atanilipa nani?"

Swali hili si dogo. Katika wilaya yetu ya Kilosa ugomvi wa wakulima na wafugaji umepata kumwaga damu: Desemba 2000 watu 38 waliuawa Rudewa Mbuyuni.

Nikamjibu: Mahindi ni haki yako, idai kwa mwenye mifugo mbele ya wazee. Lakini aliyezaliwa usiku wa jana hakula mahindi yako. Dini yetu haimtwishi mtu kosa la mwenziwe, sembuse mnyama.

Tena mkumbuke Bibi Halima. Wanyonyeshaji wa Bani Saad walipofika Makka walimwacha Bwana Mtume (s.a.w.) kwa kuwa ni yatima, walitaraji ujira kwa baba wa mtoto, na baba yake alikwisha kufa. Halima akamchukua. Wenziwe walihesabu malipo, yeye akapata baraka.

Ama huruma peke yake haishibishi. Mwana-kondoo ataka dang'a saa zile za mwanzo. Akiikosa ya mamake, akamuliwe kondoo au mbuzi mwingine aliyezaa karibuni. Kisha maziwa ya vuguvugu, kwa chupa yenye chuchu ya mpira, kidogo kidogo, mara nyingi, usiku na mchana. Anywe amesimama, kichwa kimeinuka kiasi, maziwa yasije yakaingia mapafuni.

Wala asidekezwe. Dume aliyezoea kuchezeshwa na watu hupoteza hofu, na akikua huwapiga kichwa wale wale waliomlea. Basi na akae pamoja na kondoo wenziwe mapema. Na yatima wa binadamu ni vivyo hivyo: kumlisha bila ya kumfunza adabu ni kumdhulumu.

Yule bwana alimlea, kisha akamrejesha kwa mwenyewe, kwani ilikuwa ni amana. Deni la mahindi lilikuwa lipo bado. Lakini siku hiyo walidaiana wameketi mkeka mmoja, na fimbo zimewekwa nje.

Wabillahi tawfiq.