Dhamana Isiyopewa Wakati

Nchini Marekani, mfamasia aliyeajiriwa na kampuni yenye maduka elfu kadhaa huishi chini ya amri mbili. Leseni imeandikwa kwa jina lake, na akikosea hujibu yeye. Lakini saa si yake. Idadi ya wasaidizi, muda wa dirisha kuwa wazi na hesabu ya chanjo za siku huamuliwa mbali, na watu wasiomjua mgonjwa hata kwa sura.

Yamkini msomaji atauliza: kazi hii ina uzito gani, ikiwa daktari amekwisha kuandika na vidonge vimekwisha kutengenezwa? Uzito wake umo katika kusita. Mgonjwa anywaye warfarini ili damu yake isigande huweza kutokwa na damu vibaya akiongezewa aspirini, na daktari wa pili huenda hana habari ya daktari wa kwanza. Aghalabu mfamasia ndiye azionaye hati zote mbili. Kusita huko, machoni pa mwenye duka, hufanana na uvivu, wala hakuna daftari liandikwalo msiba usiotokea.

Kwa dawa kali zinazoweza kumtia mtu utumwani, sheria ya nchi ile humtwika mfamasia dhamana ilinganayo na ya daktari. Ni heshima kubwa. Walakini dhamana isiyopewa wakati wa kuitimiza ni nini, kama si lawama iliyowekwa akiba? Amtumaye mtu kisimani akamnyima ndoo hana haki ya kumshitaki kwa kiu ya nyumba.

Hata hivyo hoja hii isivutwe mno. Aliyenyimwa wakati hakunyimwa ulimi. Mwezi wa Septemba 2023, katika Kansas City, wafamasia kadhaa wa CVS hawakwenda kazini, na baadhi ya madirisha ya dawa yakafungwa. Dai lao kubwa lilikuwa kuongezewa watu wa kusaidia, maana haraka ilikuwa imekuwa hatari kwa wagonjwa. Oktoba wakafuata baadhi ya wenzao wa Walgreens. Hapa swali lina mwiba: mwenye kisukari akikuta dirisha limefungwa, ametetewa au ametupwa? Haifai kujibu upesi. Hasara yake ni ya kweli, wala haiponywi na nia njema ya mtu mwingine. Tofauti ni kuwa afungaye dirisha hutenda hadharani, na aweza kuulizwa sababu. Dhara la haraka hutokea kimya, ndani ya chupa yenye maandishi mazuri.

Mwaka 2021 jimbo la California lilitunga sheria ya kuzikataza kampuni za namna hii kuwapangia wafamasia wao idadi ya kazi ya kutimiza. Sheria hiyo haileti mkono hata mmoja zaidi nyuma ya meza. Humwachia mfamasia nafasi ya kuinua simu, kumwuliza daktari, na kungoja jibu.