Isaka Aliyedanganywa

(Someni Mwanzo, sura ya 27)



Habari ya Isaka ni habari ya mzee aliyeibiwa ndani ya nyumba yake mwenyewe. Macho yake yalikuwa yamefifia. Yakobo akaja mbele yake amevaa mavazi ya ndugu yake, na ngozi za wana-mbuzi mikononi, akajitaja kwa jina lisilo lake. Wala Isaka hakuwa mjinga. Alistaajabu jinsi mawindo yalivyopatikana upesi, tena sauti aliyoisikia haikuwa ile aliyoitazamia. Aliona shaka. Lakini angalieni alivyoitumia shaka yake: alimwuliza yule yule aliyemshuku kama ndiye Esau kweli. Naye akajibu kama waongo wajibuvyo. Isaka hakumtuma mtumishi kumtafuta Esau porini, wala hakungoja hata jioni. Hapo ndipo mbaraka ulipopotea.

Hata pwani yetu ya Tanganyika yajua ya kuwa mali ya mtu yaweza kutwaliwa kwa neno la uongo juu yake. Mwaka 1871 David Livingstone alirudi Ujiji kutoka Manyema, mgonjwa na mchovu, akakuta vitu vyake vimekwisha kuuzwa. Yule aliyekabidhiwa alidai ya kuwa mwenyewe amekufa.

Siku hizi fedha za wengi wetu hazimo sandukuni. Tangu huduma ya kutuma fedha kwa simu ilipoingia Tanzania mwaka 2008, mchuuzi wa dagaa wa Kibirizi aweza kulipwa na mnunuzi aliye Dar es Salaam kabla magunia hayajapakiwa. Ni baraka, nasi twamshukuru Mungu. Lakini ghala hiyo ina ufunguo mmoja, ndio namba ya siri. Kwa hiyo mwizi havunji dirisha. Apiga simu, asema kwa upole, "Mama, mimi natoka kampuni ya simu, laini yako yafungwa leo, nitajie namba yako." Au aandika, "Ile fedha itume kwa namba hii." Au ajifanya mpwa wako aliyepata ajali, au mchungaji wako mwenye haja.

Mwaka 2019 Serikali ilianza kusajili laini za simu kwa Kitambulisho cha Taifa na alama za vidole, na tangu 20 Januari 2020 laini zisizosajiliwa hivyo zikaanza kufungwa. Ni jambo jema. Lakini wako wasajili waovu wamwambiao bibi, "Bonyeza tena, haikusoma," kumbe kidole cha pili chasajili laini nyingine kwa jina lake, ili watu wengine waibiwe kwayo. Isaka naye aliitumainia mikono aliyoipapasa.

Wavuvi wetu wajua mambo haya. Usiku usio na mwezi dagaa huifuata taa, na wavu u chini ya taa. Mlaghai naye huwasha taa yake: zawadi usiyoiomba, au huruma kwa jamaa yako. Tena huharakisha, kwa maana akikuacha ufikiri, umemponyoka.

Basi tufanye nini? Tusimwulize mwongo kama yeye ni mwongo. Kata simu, kisha umpigie mpwa wako kwa namba uliyoijua tangu zamani, au uende kwa wakala umjuaye. Namba ya siri usimtajie mtu awaye yote, wala wakala, wala mzee wa kanisa. Mwenye kadi ya benki afiche vivyo hivyo tarakimu zake, hata zile tatu za nyuma. Piga *106# uone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako. Namba ya mlaghai ipeleke kwa ujumbe kwenda 15040. Ukiisha kuibiwa, ijulishe kampuni ya simu au benki saa ile ile, na polisi pia, kwa kuwa Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 yakataza kujifanya mtu mwingine.

Wengine husema, "Mkristo na aamini watu, kumshuku mwenzako si upendo." Sivyo. Katekisimo yatufundisha ya kuwa Amri ya Saba haikatazi wizi tu, bali yatuagiza kumsaidia jirani aitunze mali yake. Anayeilinda namba yake huyalinda mavuno ya watoto wake, tena humzuia mwizi asiongeze dhambi yake. Walimu na wainjilisti, wafundisheni wazee wasiojua kusoma. Washikeni mkono hata waweze wenyewe, wala msizishike siri zao.

Naye aliyeibiwa asichekwe. Isaka alitetemeka sana alipojua, na Esau akalia kwa sauti kuu. Aliyechekwa hufunga kinywa, na mwizi huenda nyumba ya pili. Mwacheni aseme mbele ya usharika, na wengine wapate kuonywa.

Mungu hadanganywi kwa mavazi wala kwa sauti. Atujua kila mtu kwa jina lake, lile tulilotajiwa siku ya Ubatizo, na jina hilo hakuna mwizi awezaye kulitwaa mkononi mwake. Yeye na atupe macho ya kuona na moyo wa kumlinda jirani. Amin.