Deni la Kitabu cha Pili

Kitabu cha kwanza cha hadithi ya nchi dhalimu husomwa kwa pupa. Cha pili husomwa kwa mashaka. Cha kwanza humwonyesha kijana dhuluma ilivyo, humpa shujaa wa kumpenda na adui wa kumchukia, na aghalabu humwacha na ushindi. Cha pili huanza kwa kuushuku ushindi huo. Suzanne Collins wa Marekani, katika Catching Fire ya mwaka 2009, humrudisha Katniss, mshindi wa kitabu kilichotangulia, katika uwanja wa mauaji aliodhani ameuepuka. Wasomaji wengi huudhika. Lakini maudhi hayo yana swali ndani yake: mtu aliyekwisha kuijua dhuluma ana deni gani baada ya kuijua?

Katika Kiswahili swali hili si geni. Shaaban Robert alitoa Kusadikika mwaka 1951. Kufikirika kilitoka mwaka 1967, miaka 5 baada ya kufa kwake. Kitabu hiki si mwendelezo wa kile kwa watu wala kwa mahali. Ni mwendelezo kwa fikira. Katika Kusadikika ubaya una sura. Waziri Majivuno amshitaki Karama. Karama ajitetea kwa habari za wajumbe 6 waliotumwa mashariki, magharibi, kaskazini, kusini, mbinguni na ardhini, wakarudi na manufaa, wakalipwa kifungo. Mwishowe haki yashinda. Ni rahisi kwa msomaji kusimama upande wa Karama.

Katika Kufikirika msomaji hana mahali rahisi pa kusimama. Mfalme na malkia hawana mtoto, nao wamtamani. Tamaa hiyo haina lawama, na nchi nzima yashiriki huzuni yao. Hata hivyo, kutoka katika tamaa njema hiyo wazuka utabiri unaotaka damu ya mjinga na mwerevu ili mtoto wa mfalme apone. Hapa hapana Majivuno wa kuchukiwa. Kuna watu wema watakao jambo jema, na wawili ambao yawapasa kulilipia. Kitabu cha kwanza huuliza ni nani mwovu. Cha pili huuliza wema wetu hulipiwa na nani.

Kijana asomaye vitabu hivi Kikatiti, kando ya barabara kuu ya Arusha na Moshi, hana haja ya kutafuta mfano mbali. Ng'ambo ya Mlima Meru, katika Engare Nanyuki, Wameru wapatao 3,000 waliondoshwa kwa nguvu kuanzia Novemba 1951, ili ardhi yao iwe malisho ya walowezi wa Kizungu. Ulikuwa mwaka uleule wa Kusadikika. Mwaka 1952 Kirilo Japhet alitumwa New York, mbele ya Umoja wa Mataifa, na mwanasheria Earle Seaton akamsaidia. Mjumbe alisikilizwa; lakini katika Baraza Kuu azimio la kuwatetea Wameru halikupata theluthi mbili za kura. Kutangulia si kufika.

Tanganyika ilijitawala mwaka 1961. Mwaka 1967, ule wa Kufikirika, Kirilo na Seaton walichapisha kitabu chao juu ya kesi hiyo. Kilisomwa na watu ambao sasa walikuwa na serikali yao wenyewe, na walioweza kugawa ardhi na kunyima. Tangu hapo swali limebadilika. Mwana wa aliyenyang'anywa hawezi tena kuuliza tu ni nani aliyemnyang'anya baba yake. Yampasa atazame pia mkono wake mwenyewe. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imempa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kupata na kumiliki ardhi. Lakini katika migomba na kahawa ya mlimani, ambako kihamba ni kidogo na warithi ni wengi, mila bado humtanguliza mwana wa kiume. Ukoo watamani kuhifadhi jina lake, na tamaa hiyo yaweza kuwa njema. Mjane au binti huambiwa ailipie.

Yamkini mtu atasema kwamba kijana ana haki ya kufurahia ushindi wa hadithi, asitwikwe mizigo ya wazee. Neno hilo lina kweli. Asiyewahi kuonja ushindi wa Karama hatapata nguvu ya kuutafuta. Lakini furaha isiyovuka upande wa mtu mwenyewe ni nusu ya elimu. Aliyemlilia Karama, kisha akanyamaza siku kihamba kinapogawanywa nyumbani, amesoma kitabu cha kwanza peke yake.