Zamu ya Alfajiri

Wakati wewe unachemsha chai, kwenye manowari zamu iliyoanza saa kumi alfajiri bado inaendelea. Itapokelewa saa mbili. Ni saa nne za kukodolea macho bahari na rada. Mashua ya mvuvi isiyo na taa huonekana kwa shida, na kuiona mapema ni kuokoa roho za watu.

Vijana wengi huvutiwa na sare nyeupe, na ni haki yao. Lakini sehemu kubwa ya kazi ya mwanamaji hufanywa ndani ya ovaroli: kukwangua kutu, kupaka rangi, kukagua pampu, kufanya mazoezi ya kuzima moto. Moto melini unatisha kuliko mawimbi. Hakuna pa kukimbilia wala zimamoto wa kuitwa; wanaouzima ni haohao waliokuwa wamelala.

Jeshi la Wanamaji la Kenya lilianzishwa mwaka 1964, na makao yake yako Mtongwe, Mombasa. Mwaka 2012 lilishiriki kuukomboa mji wa Kismayu nchini Somalia, likishusha askari ufukweni usiku. Nalisifu kwa hilo. Nawasifu zaidi wanamaji wa siku za kawaida, ambao mtoto huzaliwa nyumbani wao wakiwa mbali na mtandao wa simu.

Mzazi, mwanao akitaka kujiunga, usimzuie. Kama hajui kuogelea, aanze kujifunza wiki hii. Na siku ya usajili abebe vyeti vyake halisi, asibebe bahasha ya mtu: kuandikishwa jeshini hakulipiwi hata senti.